Kosa Alilolikariri

Kwa mara ya tatu alasiri ile, Mita alitoka nje ya sebule ya wazazi wake, akafunga mlango, akahesabu hadi tano, kisha akabisha hodi kama mgeni. Mama yake alikuwa chumba cha pili akipiga pasi nguo za kesho. Siku ya kwanza ya vituko hivyo mama alitoka mbio kwenda kumfungulia, akakuta ni binti yake mwenyewe anabisha hodi kwao. Sasa alikuwa ameshazoea, akaguna tu na kuendelea na pasi yake.

"Karibu ndani," sauti ya kiume ikajibu kutoka sebuleni.

Nyuma ya meza ya chakula aliketi Mpole, mchumba wake, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mbele yake karatasi nne za maswali alizoziandika kwa mkono. Kwa wiki sita Mpole alikuwa ndiye msaili wa mazoezi. Kampuni waliyokuwa wakiitafuta ilikuwa ile kubwa, ambayo simu zake zimo mifukoni mwa nusu ya watu unaopishana nao njiani, na ambayo huita wahandisi wa umeme mia ili ichukue wanne. Wote wawili walikuwa wameitwa kwenye usaili. Zamu ya Mita ilikuwa kesho saa nne asubuhi, ya Mpole wiki iliyofuata. Wakipata wote, wangeoana kabla ya kuhamia huko kazini. Wazee wa Mpole walishapanga kuja Jumapili kuleta neno rasmi.

Hayo majina si ya vyeti, bila shaka. Mita aliitwa hivyo na wenzake wa kazini kwa sababu hakuwahi kuwasha kitu chochote kabla ya kukipima, na jina likamfuata hadi nyumbani, baba yake akalipenda kuliko alilompa mwenyewe. Mpole naye aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumsikia akibishana na mtu, hata bosi akikosea waziwazi. Watu waliusifu sana upole huo. Hawakujiuliza ulikuwa upole wa aina gani.

Mpole akamuuliza kwa nini kapasita ndogo huwekwa karibu kabisa na mguu wa chipu. Mita akachukua kalamu, akachora, akaeleza kwamba chipu ikihitaji umeme wa ghafla haiwezi kusubiri ule unaotoka mbali, lazima iwe na akiba mlangoni. Akamuuliza atapataje volti tano kutoka kwenye betri ya volti kumi na mbili bila kuunguza nguvu bure. Akajibu. Akamuuliza afanye nini bodi mpya ikiwa inapata moto na hajui ni wapi. Mita akacheka, akasema hilo hata usingizini angelijibu.

"Msaili amevutiwa," Mpole akasema, uso mkavu kama wa hakimu. "Msaili anaomba namba yako ya simu."

"Msaili afanye kazi aliyolipwa."

"Msaili halipwi. Anapewa chai tu, na leo hata hiyo hajaiona."

Walitazamana juu ya zile karatasi, na Mita akahisi lile joto la siku zote likimpanda shingoni. Alimpenda mwanaume huyu. Alimpenda hata katika ujinga wake wa kufunga vifungo hadi juu ili afanane na wasaili. Akainamisha macho kwanza yeye, maana asingeinamisha, usaili ungeishia hapo.

Mpole akageuza karatasi. Tabasamu likatoweka usoni mwake. Kila walipofika ukurasa huo lilitoweka, na Mita alidhani ni kwa sababu anamwonea huruma.

"Tueleze kosa kubwa kuliko yote uliyowahi kufanya kazini," akasema.

Hapa inafaa msomaji ajue. Miaka miwili nyuma, Mita na Mpole walifanya kazi katika karakana moja ya kutengeneza inveta, vifaa vya kugeuza umeme wa betri uwe wa nyumbani; Mpole bado alikuwa huko. Mita alipewa bodi ya kwanza kabisa ya inveta mpya aiunge mwenyewe, na asubuhi iliyofuata bodi hiyo ikawashwa mbele ya wateja. Ikalipuka. Kipande kikampasua kidole fundi mmoja, akashonwa nyuzi tatu. Uchunguzi ukasema kapasita moja ilifungwa kinyume, chanya mahali pa hasi, na karatasi ya ukaguzi ilikuwa na saini ya Mita peke yake. Mwisho wa mwezi mkataba wake haukuongezwa. Tangu hapo alikuwa akitengeneza redio na feni za majirani. Kila kampuni aliyoiomba kazi iliuliza kwa nini aliondoka kule, naye kila akijibu aliona nyuso zikibadilika.

Ni Mpole aliyemwambia asilikimbie swali hilo. Kampuni kubwa, alisema, hazitaki mtu asiyekosea, zinataka mtu anayelibeba kosa lake. Mwanzoni Mita alikuwa akisema "kapasita ilifungwa kinyume," na Mpole akamrekebisha: sema nilifunga. Wakalipanga jibu kama inavyotakiwa, kwanza hali ilivyokuwa, kisha jukumu lako, kisha ulichofanya, kisha matokeo. Wakalipunguza hadi dakika mbili. Mita akalikariri mpaka likawa laini mdomoni.

Akanyoosha mgongo, akaanza.

"Nilipewa jukumu la kuunga bodi ya kwanza ya inveta mpya. Ilikuwa ioneshwe kwa wateja asubuhi iliyofuata. Nilifunga kapasita moja kinyume, na nikasaini karatasi ya ukaguzi. Bodi ililipuka, mwenzangu akaumia kidole. Lilikuwa kosa langu, si la mtu mwingine. Nilijifunza kwamba saini yangu haitoshi kuwa ushahidi, na tangu siku hiyo kila ninachokiunga nakikabidhi kwa mtu wa pili akikague."

Hapo ndipo jibu lilipokuwa likiishia. Lakini siku ile, labda kwa kuwa kesho ilikuwa karibu, Mita akaendelea.

"Naomba niongeze kitu. Jioni ile nilikuwa na uhakika nimepima. Hadi leo mkono wangu unakumbuka nikipima. Basi nimejifunza pia kwamba mkono wangu unaweza kunidanganya. Tangu siku hiyo siuamini."

Akasubiri msaili aseme vizuri, au aseme hiyo ya mwisho iondoe, inatia huzuni mno. Msaili alikuwa ameshika kalamu kama mtu aliyesahau kalamu ni ya nini.

"Imezidi?" Mita akauliza.

"Mkono wako haujakudanganya," Mpole akasema.

"Nini?"

"Ulipima. Bodi ilikuwa nzima ulipoondoka." Sauti yake ilikuwa ndogo hata kuliko kawaida. "Nilirudi karakana baada ya wewe kuondoka. Uliniambia mchana kwamba ile inveta inavuma kidogo, na unaona aibu wateja watasikia. Nikataka ukija asubuhi ukute haivumi. Nikatoa kapasita moja ya kawaida, nikaweka nyingine bora zaidi."

Mwingine angepiga kelele. Mita, kwa kuwa alikuwa Mita, aliuliza swali la kazi.

"Ya aina gani?"

"Tantalamu."

Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Kila mhandisi ameonywa jambo hilo, na kila mwaka yupo anayelisahau. Kapasita ya kawaida huwa na mstari ubavuni unaoonyesha upande hasi. Ya tantalamu nayo ina mstari, lakini wake unaonyesha upande chanya. Ukiwa na haraka, ukiona mstari, mkono unakwenda wenyewe ulikozoea. Na tantalamu ikifungwa kinyume haiharibiki kimyakimya. Inawaka moto.

"Ukausoma mstari vibaya," akasema.

"Nikausoma vibaya."

"Na hukupima."

"Sikupima. Nilikuwa na haraka, nilitaka tu ufurahi."

Chumba cha pili pasi ilikuwa imenyamaza. Mita akaitazama mikono yake iliyokuwa juu ya meza, kiganja na mgongo wa kiganja, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichokuwa ameshakata tamaa nacho. Kisha hasira ikafika, polepole, maana ilikuwa na safari ndefu ya kuja.

Mpole akawa anaeleza, maneno yakimtoka mbiombio sasa kama maji ya bomba lililopasuka. Alidhani atapewa onyo tu. Alikusudia kusema siku ya pili, akaona bosi alivyokuwa akifoka. Akakusudia kusema wiki iliyofuata, akasikia mkataba umekwisha. Baadaye akazoea kuja hapa nyumbani kumjulia hali, akiwa amekusudia kila siku kwamba leo ndiyo leo, na kila siku akamkuta amefurahi kumwona. Akampenda. Na kadiri alivyompenda ndivyo ulimi ulivyozidi kuwa mzito.

"Ukaniambia niseme nilifunga," Mita akasema.

"Mpenzi..."

"Wiki sita. Mimi nasema ilifungwa, wewe unanirekebisha. Sema nilifunga mimi. Ongeza si la mtu mwingine. Hilo neno 'si la mtu mwingine' ni lako, mimi sikuwa nalo."

"Nilitaka upate kazi. Nilijua jibu hilo litakupa kazi. Nikasema ukiipata, angalau nitakuwa nimerudisha nilichokuchukulia."

"Ungenirudishia kwa kunifanya niape ni langu?"

Kikulacho ki nguoni mwako, watu husema, na mara nyingi husema wakiwa salama, nguo zao hazina kitu. Mita hakukumbuka methali yoyote. Alikumbuka siku ya tatu baada ya ule mlipuko, wakati wenzake wote walikuwa wameacha kupokea simu zake. Mpole alikuja peke yake, akakaa kwenye kiti hiki hiki, akasema: mimi najua si wewe. Mama yake hakumpenda tangu siku ile. Alisema kijana huyu anaomba radhi mno. Mtu ambaye hajakukosea haombi radhi kila anapoingia. Mita alimtetea karibu miaka miwili hadi mama akachoka, akakubali. Na wiki tatu tu zilikuwa zimepita tangu akubali.

"Unajua kwa nini nilikupenda?" akauliza. Sauti ilikuwa imeanza kukatika, akaiacha ikatike. "Si kwa upole wako. Wapole wako wengi. Watu wote waliamini nimekosea. Baba aliamini. Mimi mwenyewe mwishowe nikaamini. Wewe peke yako ulikaa hapa ukasema si wewe. Nikasema, huyu ananiamini kuliko ninavyojiamini. Nikakupenda kwa hilo. Kumbe hukuwa unaniamini. Ulikuwa unajua tu."

Mpole akafunika uso kwa mikono. Mabega yakamtikisika. Jambo baya kuliko yote, na Mita alilichukia, ni kwamba mkono wake ulitaka kwenda begani kwake. Aliuzuia. Mapenzi hayana adabu, hayajui kuondoka kwa kuwa yamefukuzwa.

"Kesho nitakwenda kwa bosi," Mpole akasema kutoka nyuma ya viganja. "Nitamwambia kila kitu. Waniachishe kazi. Na hii kampuni kubwa ikimpigia simu kumuuliza habari zangu, awaambie. Potelea mbali."

"Umekuwa na kesho mia saba."

"Basi leo. Nitampigia sasa hivi."

"Huyo bosi wako ni wako, utajua mwenyewe." Akainuka, akaenda dirishani. Mbele ya nyumba, chini ya paa la mabati, baba yake alikuwa ameinamia benchi akisuka mota ya pampu, waya wa shaba ukipita vidoleni mwake mzunguko baada ya mzunguko. Ndiye aliyemfundisha kushika mita akiwa na miaka tisa. Tangu ule mlipuko hakuwahi kumkaripia hata neno moja. Alianza tu kurudia kupima kila alichokipima binti yake, akigeuka upande ili asionekane. "Nenda ukamwambie baba," Mita akasema. "Kwa mdomo wako. Kisha uende zako."

"Na Jumapili?"

"Hakuna Jumapili."

Mpole alisimama mlangoni, mwanaume mzima, shati limemkaba shingo. Akasema anampenda. Mita akasema anajua. Hakusema kwamba na yeye pia, ingawa ilikuwa kweli.

Hakusikia kilichosemwa nje. Aliona tu. Aliona Mpole akisimama upande wa pili wa benchi, mikono nyuma. Baba hakuinua kichwa, maana anayesuka mota anahesabu, na akipoteza hesabu lazima afumue aanze upya. Midomo ya mzee iliendelea kuhesabu, vidole vikazungusha. Kisha vidole vikapunguza mwendo. Kisha vikasimama. Mita hakuwahi, tangu azaliwe, kumwona baba yake akipoteza hesabu katikati ya mota. Mzee akauweka waya chini. Akamtazama kijana muda mrefu, na Mpole, aliyekuwa akitarajia labda tusi au kofi, alisimama pale akilisubiri, halikuja. Mwishowe kijana akageuka, akatembea hadi barabarani, akapotea kwenye kona ya duka la vifaa vya ujenzi.

Mita alikuwa bado ameshika pazia mama yake alipoingia, blauzi ya kesho mkononi, imenyooka vizuri. Kwa miaka miwili mama huyu alikuwa na maneno tele juu ya Mpole, na sasa ndiyo ilikuwa nafasi yake ya kuyamwaga yote. Hakumwaga hata moja. Aliitundika blauzi kwenye msumari, akamshika binti yake kiunoni kwa nyuma kama alipokuwa mdogo.

"Wazee wake nitawapigia mimi," akasema. "Wewe usihangaike na simu."

Baba aliingia baadaye, amenawa mikono lakini harufu ya vanishi ya mota bado anayo. Hakujua akae wapi. Mwishowe akaketi kwenye kile kiti cha msaili, kwa kuwa ndicho kilichokuwa wazi.

"Nilikuwa napima nyuma yako," akasema.

"Najua, baba."

"Ulikuwa unaona?"

"Kila siku."

Mzee akatikisa kichwa, akakitikisa tena. Alikuwa mtu wa waya, si wa maneno. "Nilipaswa kwenda kule nikaiombe ile bodi niitazame kwa macho yangu. Siku moja tu ingetosha. Sikwenda. Niliona aibu." Akakohoa. "Nisamehe, mama."

Mita akasema amemsamehe, na ilikuwa kweli. Ajabu ya moyo, kwamba unaweza kumsamehe mmoja kwa neno moja, na mwingine ukampenda hivyo hivyo usimsamehe.

Baba akavuta zile karatasi, akavaa miwani. "Kesho saa nne," akasema. "Sasa hili la kosa utawajibu nini?"

Dakika mbili zote alizozikariri Mita zilikuwa zimekwisha kazi. "Nitasema niliambiwa nimekosea, nikakubali bila kupima. Niliandikiwa ripoti, nikaisoma, nikaweka saini. Sikuomba kuiona bodi. Mimi, ambaye hata balbu naipima."

"Hilo ni la kweli?"

"Hilo ni langu."

Baba akaweka alama pembeni kwa kalamu ya Mpole, taratibu, kama aliyepewa kazi hiyo tangu zamani. Akashuka na kidole hadi swali lililofuata. Mwandiko wa Mpole ulikuwa mzuri, wa mviringo, na mzee hakupata shida kuusoma.

"Taja mtu aliyekusaidia zaidi katika kazi yako, na alikusaidiaje."

Kila swali la karatasi zile lilikuwa limeandikwa na mkono uleule. Alichojua Mita kuhusu vichujio vya mawimbi, kuhusu namna ya kukaa kitini, kuhusu kutokimbilia jibu, kuhusu kusema "sijui, lakini ningeanza hapa," alikipata kwenye meza hii, kutoka kwa mtu mmoja, wiki sita mfululizo, kwa kikombe cha chai.

"Ruka hilo, baba."

"Kesho watakubali uruke?"

"Hapana."

Mzee hakumharakisha. Alisubiri, miwani puani, kalamu imeinuliwa, kama alivyosubiri enzi zile Mita akiwa na miaka tisa na sindano ya mita ikiyumba kabla ya kutulia. Mama alisimama mlangoni asiingie.

"Ni yeye," Mita akasema, na kilio alichokuwa amekishikilia alasiri nzima kikamtoka, akalaza kichwa juu ya karatasi. Baba akainuka, akazunguka meza, akazivuta taratibu kutoka chini ya shavu lake, maana wino ulikuwa umeanza kulowa, na yalikuwa bado yamebaki maswali kumi na moja.